Kuamsha Kinga Si Kuponya Ini

Ndugu zangu wa Amu, asalaam aleikum. Kabla ya kuzieleza dawa za majaribio za homa ya ini aina ya B, nitawasimulia habari ya mvuvi mmoja aliyenijia na macho ya manjano, akiwa ameacha tenofoviri, kidonge cha kila siku cha kudhibiti virusi hivyo, kwa miezi minne kwa sababu jamaa yake alimwambia kuwa imepatikana dawa ya kuamsha kinga na kwamba vidonge vya kila siku havina kazi tena.

Dawa aliyotajiwa ipo, nayo ni vesatolimodi, kidonge kinachochochea chembe za kinga zitoe intaferoni, kemikali ya mwili ya kupambana na virusi, kana kwamba zimegusana na virusi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 162 ambao virusi vyao vilikuwa vimeshadhibitiwa kwa dawa walipewa ama vesatolimodi ama kidonge kisicho na dawa, mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 12. Damu ilionyesha kuwa kinga imeitika. Lakini antijeni ya ganda la virusi, yaani protini yao inayopimwa katika damu, ambayo tungetaka kuiona ikitoweka, haikupungua kwa kiwango cha maana.

Nalirudia hili kila ninaposimama, na sitachoka kulirudia: kinga kuitika ni jambo moja, na virusi kutoka ni jambo jingine. Virusi hivi huweka uzi wao wa kijeni, uliofungwa mfano wa pete, ndani ya kiini cha chembe za ini, na kutoka humo huzaliana upya pale dawa inapoachwa. Ndipo ini huvimba, na kwa wengine hushindwa kabisa.

Mtaniambia kwamba intaferoni ya sindano imewaponya watu. Ni kweli, imewaponya wachache, baada ya wiki 48 zenye homa na uchovu, na kwa ajili ya hao wachache nauunga mkono utafiti kwa moyo wote. Anayetaka kushiriki jaribio na ashiriki, mradi ameelezwa, ameridhia mwenyewe, na daktari wake anajua. Ninachokikataa ni mtu kuacha tenofoviri kwa kusikia habari.

Muda umenibana, na la chanjo nalitaja tu: mtoto apelekwe akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa sababu anayeambukizwa uchangani karibu kila mara hubaki na ugonjwa. Sasa, mwenye swali na aulize.