Mkojo Uliobaki Ndani

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, muuguzi, na niko na mwenzangu Salim. Kaka Salim, leo ni zamu ya mpira wa mkojo, yaani katheta, mrija unaoingizwa kwenye kibofu ili kutoa mkojo.

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Kwa wageni wetu, niliumia uti wa mgongo, pingili ya tano ya kifua, na huu ni mwaka wa tisa najiwekea katheta mwenyewe. Watu huniuliza, “Unaingiza mpira mara tano kwa siku, huogopi vijidudu?”

REHEMA: Unawajibuje?

SALIM: Nawaambia naogopa zaidi mkojo uliobaki ndani.

REHEMA: Na uko sahihi kabisa. Kibofu kikijaa kupita kiasi, ukuta wake huvutika, damu haipiti vizuri, kinga yake inashuka. Vijidudu ambavyo vingetoka na mkojo vinapata nafasi ya kuzaana. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa mfumo wa mkojo huko Michigan, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa wanaojiwekea katheta kwa usafi wa kawaida tu: mikono iliyonawiwa kwa sabuni, mpira safi, na kibofu kumwagwa kwa wakati. Lilikuwa jambo la ujasiri, maana tangu daktari Ludwig Guttmann alipoanza kazi yake ya kutibu walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alisisitiza utaratibu wa kutogusa mpira kwa mkono mtupu, karibu kama chumba cha upasuaji.

SALIM: Sisitiza hapo kwenye wakati, dada.

REHEMA: Kwa wengi ni kila baada ya saa 4 hadi 6, na kibofu kisizidi mililita 500. Ukipima ukakuta 700, basi umechelewa. Punguza muda kati ya mara moja na nyingine, au zungumza na daktari kuhusu kiasi unachokunywa.

SALIM: Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo najua wengi wanalifanya. Nikiwa na safari, sinywi maji tangu asubuhi, nisihangaike kutafuta choo ambacho kiti changu cha magurudumu kinaingia. Homa ikanilaza wiki nzima. Siku hizi nakunywa kidogo kidogo mchana kutwa, halafu napunguza jioni ili nilale.

REHEMA: Pole sana. Na unapoweka mpira wenyewe?

SALIM: Nanawa, natandika vitu vyangu, napaka jeli ya kutosha. Sisi wanaume tuna njia ndefu, mpira mkavu unachubua, na penye mchubuko vijidudu wanapata mlango. Nikikutana na ukinzani silazimishi, nasubiri misuli ilegee. Mkojo ukikatika sichomoi papo hapo. Navuta taratibu, na mara nyingi unatoka tena kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoniletea shida nikikiacha.

REHEMA: Mwanaume asiyetahiriwa akumbuke kurudisha govi mbele akimaliza. Kwa wanawake, usafi unaanzia mbele kwenda nyuma, na mpira ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, chukua mwingine. Ukidondoka chini, chukua mwingine pia.

SALIM: Wapo wenye mpira unaokaa muda wote.

REHEMA: Kwao mfuko uwe chini ya kibofu lakini usilale sakafuni. Mpira ufungwe vizuri pajani usivutevute. Msiachanishe mpira na mfuko bila sababu, kwa sababu kila mnapoachanisha mnafungua njia. Sehemu ya nje ioshwe kila siku kwa sabuni na maji, inatosha. Na mkojo ukianza kupungua ghafla mfukoni, msingoje. Kuna bakteria, hasa Proteus, wanaofanya mkojo utengeneze chumvi ngumu, na chumvi hiyo huziba mpira.

SALIM: Sasa tuje kwa jambo ambalo mimi binafsi lilinitesa. Mtu mwingine akipata maambukizi anasikia kuchomwa akikojoa. Mimi sisikii kitu chini ya kifua. Kwangu dalili ya kwanza ni miguu. Inakaza na kurukaruka kuliko kawaida. Halafu najilowesha katikati ya ratiba, nachoka, na homa inafuata.

REHEMA: Ndiyo maana kila mmoja ajifunze lugha ya mwili wake. Lakini nisikilizeni hapa, tafadhali. Mkojo wenye ukungu au harufu peke yake si sababu ya kumeza antibiotiki. Mtu anayetumia katheta karibu kila mara atakutwa na bakteria akipimwa. Tunatibu pale dalili zinapokuwepo, na mkojo wa kupima kwa mwenye mpira wa kudumu tunauchukua baada ya kuweka mpira mpya, kwa sababu ule wa zamani una utando wa bakteria wake. Nimewaona vijana waliomeza dawa kila mwezi mpaka zikaacha kufanya kazi siku walipozihitaji kweli. Inaniuma sana.

SALIM: Na kwa sisi tulioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kuna lile la presha.

REHEMA: Kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho juu ya sehemu uliyoumia, presha inapanda ghafla. Kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja ndio huwa chanzo mara nyingi. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira kote ulikopita, umwage mkojo. Isiposhuka, hospitali mara moja. Presha hiyo inaweza kupasua mshipa wa kichwani.

SALIM: Na si kila mhudumu wa dharura anaijua hali hii. Mimi nina kadi mfukoni mwa kiti: pingili niliyoumia, presha yangu ya kawaida, ambayo ni ya chini, na maneno haya kwa herufi kubwa: “ANGALIA KIBOFU KWANZA.” Mke wangu anayo nakala, na mdogo wangu anayo.