Mfungue Mnyama Mdomo Ndipo Umjue

(Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kuongoza watalii, Karatu)

Asanteni, karibuni mkae. Walio nyuma sogeeni mbele, sauti yangu si ya mnadani.

Nimeombwa niwatambulishe mamalia wa porini na wa nyumbani. Kwa kawaida huchorwa mstari: simba, tembo na nyumbu upande huu, ng'ombe, mbuzi na punda upande ule. Mstari huo tumeuchora sisi wenye mazizi. Ukitaka kujua nani ni ndugu wa nani, tazama mdomo, mguu na tumbo.

Sifa za jumla mlizisoma shuleni, tusikawie hapo. Mamalia wana nywele, mama hunyonyesha, damu yao ni ya moto. Nyangumi yumo, ingawa nywele zake ni za kutafuta. Popo yumo, na ndiye peke yake anayeruka kwa mabawa. Kakakuona naye yumo, pamoja na magamba yake.

Haya, ng'ombe. Mbele, taya la juu, hana jino hata moja. Ana ufizi mgumu tu. Huzungushia majani ulimi, huyabana kati ya ufizi huo na meno ya chini, humeza bila kutafuna sana, kisha akipumzika kivulini huyarudisha mdomoni akacheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na humo vijidudu ndivyo vinavyochachusha majani. Sasa toka zizini ushuke kreta ya Ngorongoro. Nyati ni hivyo hivyo. Nyumbu, swala, pofu na twiga pia: kwato zimepasuka, mbele juu hakuna meno, wote wanacheua. Na huyo twiga, shingo yote ile ina mifupa saba, sawa na yako. Watalii watakuuliza, nawahakikishia.

Punda ni ukoo mwingine kabisa. Kila mguu una ukwato mmoja mzima, meno ya mbele yapo juu na chini, na hacheui. Majani huchachukia nyuma, kwenye utumbo mpana. Hanyonyi lishe yote kama ng'ombe, lakini chakula chake hupita upesi, kwa hiyo huweza kuishi kwa nyasi ndefu zilizokauka, mradi ale nyingi. Punda milia ana tumbo lile lile. Ndiyo maana kule Serengeti mara nyingi hutangulia akala mabua, nyumbu wakaja nyuma kula majani mafupi yaliyobaki.

Nguruwe na ngiri wana kwato zilizopasuka ila hawacheui. Ngamia anacheua, lakini nyayo zake ni laini. Kiboko aliwasumbua wataalamu miaka mingi. Jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi.

Nije kwa wanaodanganya macho. Fisi mtamwita mbwa, kumbe yuko upande wa paka na nguchiro. Jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia usiku hapo Ngorongoro, akaona kuwa sehemu kubwa ya nyama yao waliiwinda wenyewe, na mara nyingi simba ndiye aliyewanyang'anya.

Ninayempenda mimi ni pimbi. Yuko pale mwambani anaota jua, mtu anasema panya, mwingine sungura. Ukoo wake ni tembo, na nguva wa pwani ya Kilwa na Rufiji. Meno yake mawili ya juu hayakomi kukua, na pembe za tembo nazo ni meno ya mahali hapo hapo. Kucha zake zinafanana na kwato ndogo. Korodani za dume hazishuki, hukaa tumboni, kama za tembo. Mimba yake ni miezi saba hivi. Sungura, wa kimo kama chake, hubeba mwezi mmoja.

Kijana mmoja ananiangalia kama anayesema: yatanisaidia nini? Ugonjwa hufuata ukoo. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 iliua ng'ombe, na ikaua nyati na nyumbu vile vile. Punda na punda milia ikawaacha. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu nao wakapona: Serengeti walitoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita milioni moja kabla ya 1980. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na sotoka. Lakini hadi leo mfugaji wa Kimaasai huwaondoa ng'ombe wake nyumbu wanapozaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza homa inayoua ng'ombe, na nyumbu mwenyewe wala haumwi.

Sasa tutoke. Nje kuna mbuzi na punda wamefungwa chini ya mti. Anza na mbuzi, mfungue mdomo taratibu, hesabu meno ya mbele juu na chini. Punda asishikwe na mtu kabla sijafika. Maswali tutayajibu huko huko.