Siku bibi hayupo: kwa wanaotaka kusomea ulemavu wa akili

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake mbele ya wanafunzi wanaojitayarisha na masta na PhD)

Assalaam alaykum. Naona sura zishanisikia nikiyasema haya, Tunguu na hapa Pemba, mtanivumilia mana ntayarejea mpaka nione topiki zenu zimebadilika. Ulemavu wa akili ni nini siwaelezi, mnajua, ni ule wa tokea utotoni, mtu anachelewa kufahamu, kujifunza na kujitegemea, na mnajua si maradhi ya akili, mtoto mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo, hapelekwi Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, kwa sababu tu ana Down. Hayo tushamaliza. Leo nataka yule mwenye fomu ya maombi mkononi na bado anatafuta topiki.

Nasoma maandiko yenu ya utafiti na karibu yote njia ni moja, kwanza nadharia ya huduma ndani ya jamii, kisha aya tatu za Uingereza, kisha ghafla tuko Micheweni hapa Pemba. Haya, tuiseme hiyo Uingereza basi, mana mnaitaja lakini hamuisomi. Kule watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiwekwa kwenye mahospitali makubwa, maelfu kwa maelfu, wengine tokea utotoni mpaka kufa. Mwaka 1958 mtafiti mmoja, Jack Tizard, akachukua watoto 16 kutoka hospitali ya Fountain, London, wakaenda kuishi nyumba inaitwa Brooklands, wana walezi wao, wana michezo, na wenziwao 16 wa hali kama yao wakabakia hospitali. Baada ya miaka miwili wale wa Brooklands walikuwa wamewapita mbali wenziwao kwa kusema. Mwaka 1969 ikatoka ripoti ya hospitali ya Ely, Cardiff, watu wanateswa na vyakula vyao vinaibiwa, nchi ikashtuka, na kufika sheria ya 1990 fikra ilikuwa ishakaa: watu watoke mahospitali wakaishi na wenziwao. Hiyo ndo huduma ndani ya jamii ya kwenye vitabu mnavyonakili. Imezaliwa kwa kuwatoa watu pahala.

Sasa nambieni, mtu wa Kengeja alifungiwa hospitali gani kama hiyo? Wetu hawakuondoka majumbani. Kwa hivyo suali la watarudi vipi kwenye jamii hapa halina wa kuulizwa. Suali letu jengine kabisa: huko nyumbani waliko nani anawabeba, na siku huyo hayupo itakuwaje?

Kuna nyumba moja kusini ya kisiwa hichi, shehia siitaji. Bibi na mjukuu wake, mwanamme mtu mzima ndevu zishaota, maneno yake machache sana. Mama yake yuko Unguja anatafuta riziki. Bibi ndo anamuogesha, anamvisha, anajua mlio gani wa njaa na upi wa kichwa kuuma. Msimu wa karafuu yule kijana anakaa na wanawake barazani wanachambua na yeye anachambua, polepole, lakini vikonyo mbali na karafuu mbali, hachanganyi. Ijumaa jirani anampitia wanakwenda msikitini. Na bibi ana mpango wake, sikilizeni hapa, bibi huyu hakusoma hata darasa moja lakini ana mpango: anamfundisha mjukuu mwengine, msichana, azijue zile sauti, amuogeshe bila kumtisha, ajue kuwa hapendi kushikwa bega. Na yule msichana keshaposwa. Harusi ikipita anakwenda kwa mumewe Konde, na bibi analijua hilo, na usiku halali.

Basi akaenda pale mwanafunzi na dodoso lake. Je, mlengwa anapata huduma? Hapana. Mtoa huduma anakuja mara ngapi kwa wiki? Haji. Mlengwa ana ajira? Hana. Akatia vyema vyake, akashukuru, akaondoka, na kwenye kompyuta nyumba ile ikaingia kuwa haina huduma. Haina huduma! Mwanamke anayefanya kazi ya watu watatu tokea alfajiri, jirani wa Ijumaa, wale wa barazani, yule msichana, wote hawamo. Na lile la posa nalo halimo, mana dodoso lilitengenezwa kwa nchi ambayo mlezi ni mtu wa mshahara, akiacha kazi anaajiriwa mwengine. Mie nililisikia kwa mdomo tu, mwanafunzi ananihadithia tukinywa chai, wakati PhD yenyewe ilikuwa pale.

Kuna mtu anasema moyoni hiyo hadithi ya nyumba moja, si data. Haya ifanye data. Chukua shehia nzima, kila nyumba yenye mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, uliza umri wa mlezi, uliza wa pili yake ni nani, kisha mwendee huyo wa pili umuulize kama anajua yeye ndo wa pili. Uliza nyumba inakula nini. Pensheni Jamii, pesa za serikali ya Zanzibar kwa wazee, ilipoanza 2016 mzee wa miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadae ikapandishwa, na kwenye nyumba kama ile hiyo ndo sabuni na unga, na inakatika siku anapokufa mzee mwenyewe. Kwa hivyo anaondoka mlezi na pesa kwa pamoja. Na msidhani ni jambo la nadra, Marekani mtu mwenye Down mwaka 1983 wastani wa umri wake wa kuishi ulikuwa kama miaka 25, leo unakaribia 60. Watoto hawa wanakua, wanazeeka, wanawazika wazee wao.

Mwengine anasema mwalimu unaisifu familia ili serikali ikae kimya. Sio. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania imeuridhia 2009, na ibara ya 19 inasema wazi mtu aishi kwenye jamii na apate msaada wa kuishi humo. Msaada. Hakuna pahala paliposema bibi peke yake. Lakini utadai nini kama hukupima kazi anayoifanya? Ukiwa na hesabu ya saa zake unaweza kusimama mbele ya wakubwa ukasema huyu anahitaji mtu wa kumpokea siku moja kwa wiki, gharama yake hii hapa.

Na si kila nyumba ina huruma, tusidanganyane. Wapo wanaofungiwa chumbani, wapo wasichana wanaoharibiwa na mtu wa humo humo ndani. Ukikutana na hilo wewe huna tena utafiti siku ile, una mtu wa kumuokoa, kwa hivyo kabla hujatoka ujue kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwasaidia waliofanyiwa udhalilishaji, kiko wapi na utampigia nani. Andiko lisilo na kipengele hicho silisaini.

Muda umekwisha, haya mengine haraka. Idhini: ya bibi si ya kijana, muombe mwenyewe, kwa picha, kwa ishara, na akikupa mgongo ujue kakataa. Vipimo vya kujua mtu anajiweza kiasi gani: kama kipimo kinauliza kutumia uma na mtu anakula kwa mkono vizuri kabisa, kilichopungua ni kipimo. Vibali: nendeni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya Zanzibar, Binguni, mapema, na sheha usimuone mara moja tu ukamsahau. Ufadhili tutazungumza siku nyengine. Matokeo: ukurasa mmoja wa Kiswahili, urudi nao shehia ileile uusome kwa sauti, wenyewe wawepo na ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar, muwaite, na kama digrii ishatoka na hujarudi bado unadaiwa.

Maswali sasa. Naanza na wale wanawake wa nyuma, mana najua humo wamo walezi wenyewe, na wao ndo niliotaka waombe nafasi hizi za kusoma. Wanafunzi mtasubiri.