Saa Tatu ya Leo Haipimwi Kesho

(Mhadhara wa ufunguzi wa somo la Maabara ya Hali ya Hewa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Tanga)

Wanafunzi wangu, karibuni, na poleni kwa kubanana. Wa nyuma sogeeni mbele, feni za huku zinafanya kazi.

Wengi wenu mmetoka kidato cha sita mkiwa mmezoea maabara ya kemia. Kule ukiharibu jaribio unamwaga, unaosha chupa, unaanza upya. Asidi bado ipo, fundi sanifu yupo, na jibu la leo litafanana na la kesho. Huku kwetu nafasi hiyo haipo. Hewa iliyokuwa juu ya Tanga saa tatu asubuhi ya leo imeshakwenda zake, na hakuna chombo duniani kitakachoirudisha ili wewe uliyechelewa daladala ya Pongwe uipime. Masharti yote nitakayowapa yametoka hapo. Mkilishika hilo moja, mengine mtayaelewa hata nisipoyaeleza.

Nianze na mahudhurio. Kila kundi lina zamu yake ya wiki, na katika zamu hiyo vipimo vinachukuliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Saa hizo sikuzipanga mimi. Vituo vya hali ya hewa ulimwenguni vinapima kwa wakati mmoja, kwa saa za kimataifa, na saa tatu yetu ya asubuhi ni 0600 kwa saa hizo. Mpimaji wa Tanga, wa Mombasa na wa Mumbai wote wanasoma vyombo vyao wakati uleule, hata kama kwa mmoja bado ni asubuhi na kwa mwingine adhuhuri inakaribia. Ukisoma saa tatu na nusu, umepima kitu kingine kabisa, na ramani ya mgandamizo wa hewa haiwezi kukipokea.

Kwa hiyo fikeni kiwanjani dakika kumi kabla. Barometa, chombo cha kupimia mgandamizo huo, inasomwa mwisho, saa kamili. Ukikosa zamu, hakuna kipimo cha fidia. Mwenye cheti cha daktari au msiba hapotezi alama, ila safu yake kwenye daftari itabaki tupu, na itabaki hivyo mpaka mwisho wa muhula. Katika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga na wasiofunga wabadilishane zamu ya jioni kwa maelewano, waniandikie majina mapema. Hilo halijawahi kuwa tatizo hapa Tanga na sitarajii liwe.

Sasa daftari. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibikiwa.

Daftari la vipimo ni la kundi, lina kurasa zenye namba, na halitoki maabara. Linaandikwa kwa kalamu ya wino. Penseli hapana, karatasi ya pembeni ya “nitahamishia baadaye” hapana, kiganja cha mkono hapana. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba ili isomeke bado, andika iliyo sahihi pembeni, weka saini. Msitumie ile rangi nyeupe ya kufutia. Nataka kuona kosa lako, kwa sababu mara nyingine baada ya wiki mbili tunagundua kwamba namba uliyoikata ndiyo iliyokuwa sawa. Saa ziandikwe kwa tarakimu nne, kwa saa za hapa kwetu, 0900 au 1500. Ukiandika “saa tatu” tu, anayesoma baada ya miaka kumi hatajua kama ni ya asubuhi au ya usiku.

Wawili wanasoma kila chombo. Wa kwanza anasoma, anaandika, anafunika kwa mkono. Wa pili anasoma, anaandika. Ndipo mnalinganisha. Msitajiane namba kabla, maana ukishasikia “ishirini na nane nukta nne” jicho lako litaiona nukta nne hata kama zebaki iko kwenye nukta saba. Wanafunzi wazuri kabisa wananaswa hapo bila kukusudia.

Na sasa lile zito. Kubuni namba. Najua mmefika chuo mkiwa na maarifa yote ya kudesa, na katika masomo mengine adhabu yake ni kufutiwa zoezi. Hapa anayebuni kipimo anapata sifuri ya daftari zima, na jina lake linapelekwa kwa mkuu wa idara. Mmeona wenyewe kwamba asiyepima kabisa, akaacha nafasi wazi na kuandika sababu, namwadhibu kidogo sana au simwadhibu kabisa. Naomba mnielewe kwa nini.

Chukueni mgandamizo wa hewa. Ukanda wetu huu wa tropiki una tabia ambayo nchi za baridi hawaioni vizuri kwa sababu dhoruba zao zinaifunika. Mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kila siku. Unafika juu karibu saa nne asubuhi, unashuka hadi chini karibu saa kumi jioni, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka tena mpaka saa kumi alfajiri. Chanzo chake ni jua: mvuke wa maji na ozoni vinanyonya joto lake, anga lote linatikisika kwa mawimbi, na lile wimbi linalojirudia kila baada ya saa kumi na mbili ndilo lenye nguvu zaidi. Kati ya kilele cha asubuhi na bonde la jioni, tofauti ni kama hektopaskali tatu, hicho ndicho kizio cha mgandamizo. Ndogo, lakini ipo leo, kesho na keshokutwa, mvua inyeshe isinyeshe.

Aliyelala chumbani akajaza safu za siku nzima hajui habari hiyo. Anaandika 1013 asubuhi, 1013 mchana, 1014 alasiri, kwa kuwa anadhani siku tulivu ina mgandamizo uliotulia. Nikichora namba zake kwenye karatasi ya grafu, mawimbi hayapo. Hata mwenye kujua mawimbi akayabuni, siku mbili tatu baadaye namba zake zinaachana na za kundi jirani.

Lakini kumkamata mwanafunzi si ndiyo sababu ya ukali huu. Mabaharia wa bahari za tropiki wana kanuni ya miaka mingi: ukishaondoa yale mawimbi ya kila siku, mgandamizo ukiwa chini ya kawaida kwa hektopaskali tatu, anza kushuku, ukifika tano, kimbunga kiko karibu na usitafute maelezo mengine. Tatu tu! Namba moja ya kubuni inatosha kuificha dalili hiyo. Na msiseme vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikaangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Na Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, ilikuja mpaka jirani na Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari kwa mikoa ya pwani, huu wetu ukiwemo. Wavuvi wa pale Deep Sea wanaamua kushusha ngalawa au kutoshusha kwa kutegemea taarifa ambazo mwanzo wake ni mtu mmoja amesimama mbele ya chombo, ameandika alichokiona. Siwezi kumfundisha mtu kazi hiyo huku nikimvumilia anapojaza safu kwa kukisia.

Ndiyo, kuna mkono kule dirishani. Anauliza, kama simu yake inaonyesha nyuzijoto za Tanga saa hiyohiyo, kwa nini asinakili kutoka simu badala ya kuacha pengo. Swali zuri, na wengi mnalo. Namba ya kwenye simu kwa kawaida haikupimwa kiwanjani kwetu. Imekokotolewa na programu ya kompyuta kwa mraba wa kilomita kadhaa, ambao unaweza kuwa nusu bahari, nusu mashamba ya mkonge. Ina faida zake na tutaitumia wiki za mwisho kulinganisha na vipimo vyetu. Ukiinakili sasa, siku ya kulinganisha utakuwa unailinganisha simu na simu. Kwa hiyo simu zinakaa mfukoni wakati wa vipimo, isipokuwa kwa kutazama saa na kupiga picha za mawingu.

Vyombo vyenyewe mtavijua kwa mikono, sitavieleza vyote. Viwili tu vinahitaji neno leo.

Kile kibanda cheupe chenye kuta za mbao zilizopangwa kama luva kinaitwa kibanda cha Stevenson. Vipimajoto vyake viko kimo cha kati ya mita moja na robo na mita mbili. Vitabu vingi vitawaambia mlango wa kibanda uelekee mbali na jua: kaskazini kwa walio Ulaya, kusini kwa walio kusini mwa ikweta. Sisi tuko kusini, nyuzi tano tu, na hapo kitabu kinatuacha njiani. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana la Tanga liko upande wa kusini. Miezi mingine liko kaskazini. Ndiyo maana kibanda chetu kina milango miwili, na mnafungua ule ulio kivulini. Fungua, usipumulie vipimajoto, soma kwanza nukta, yaani sehemu ya kumi ya nyuzi, kisha nyuzi kamili. Joto la mwili wako linabadilisha nukta ndani ya sekunde chache, na nyuzi kamili zitakusubiri.

Cha pili ni kipimajoto cha balbu mbichi, kile chenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kinachotuonyesha unyevu wa hewa kwa jinsi kinavyopoa. Upepo wa bahari unakirushia chumvi. Maji yenye chumvi hayavukizi kwa urahisi, balbu haipoi inavyopaswa, na wewe unaandika kwamba hewa ina unyevu mwingi kuliko ilivyo. Kwa hiyo kila Jumatatu kundi la zamu linabadilisha kitambaa na maji, kwa maji yaliyotoneshwa, na kuandika kwenye daftari kwamba limefanya hivyo. Maji ya bomba hapana. Kusi ikivuma kwa nguvu, badilisheni hata mara mbili kwa wiki.

Kuhusu mvua, tumieni gilasi ya kipimamvua hichohicho, maana kila gilasi imechorwa kwa upana wa mdomo wa chombo chake. Kama chombo kimelowa tu na hakuna kinachopimika, andikeni kwamba kimelowa. Sifuri maana yake kilikuwa kikavu.

Usalama. Bado tuna vipimajoto vya zebaki vya zamani. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umekataza kutengeneza na kuingiza vipya tangu 2020, navyo tunaviondoa kidogo kidogo. Kikivunjika, usiguse, usifagie kwa ufagio, fungua madirisha, toka, mwite fundi sanifu. Hutalipishwa. Narudia ili mtu asije akaficha vipande kwenye ndoo ya taka: hutalipishwa.

Na radi. Ukisikia ngurumo, hakuna anayeingia kiwanjani, hata kama ni saa tatu kamili. Mlingoti wa kipimaupepo ni chuma kirefu mahali pa wazi. Mnasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, na kwenye safu mnaandika “radi”. Masika ya hapa yatawapa safu kama hizo, na hazikatwi hata alama moja.

Alama za mwaka ni arobaini: daftari kumi na tano, ripoti kumi na tano, mtihani wa vitendo kumi. Ripoti inaletwa Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, kila mtu na yake, ingawa namba ni za kundi zima. Ikichelewa siku moja inapungua alama mbili, na baada ya siku tatu siipokei. Jadilianeni mnavyotaka kabla ya kuandika. Ukifika kuandika, funga daftari la mwenzako.

Wiki ya sita tutapanda Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Ni kama mita 900 juu ya bahari, na joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita na nusu kila mita elfu moja. Kila mtu aje ameshaandika, kwa wino, anatarajia kusoma nyuzi ngapi kule wakati wenzake waliobaki Tanga wanasoma zao.

Majina ya makundi yako ubaoni pale mlangoni. Kundi la kwanza linaanza kesho saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Ufunguo wa kiwanja uko kwa mlinzi wa geti dogo, na kalamu mje nazo wenyewe.