Swali ambalo mwalimu hana jibu lake: utafiti na uandishi katika shule ya msingi

(Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, Mwanza)

Ndugu mwenyekiti, maofisa elimu kata, walimu wakuu na walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa namna ya pekee waliovuka maji kutoka Ukerewe, na wenzetu wa Sengerema na Buchosa ambao tangu mwaka 2025 wanapita darajani pale Kigongo bila kusubiri kivuko.

Nimeombwa nizungumzie utafiti na uandishi wa wanafunzi wa shule ya msingi. Ninalo jambo moja tu la kuwaambia: mtoto huandika vizuri akiwa na habari ambayo msomaji wake hana. Mpe insha ya "Shule yetu", naye anajua fika kwamba wewe unaijua shule kuliko yeye. Atakuandikia kwamba shule yetu ina walimu wengi na miti mizuri, kwa sababu ndiyo sentensi iliyowahi kupata vema. Hana sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo, na mimi simlaumu.

Tuseme ukweli. Kazi kubwa ya kalamu katika madarasa yetu ni kunakili kutoka ubaoni kwenda daftarini. Darasa la kwanza na la pili tunapigania KKK, na tunafanya vizuri kuipigania. Lakini mtoto akishajua kusoma, kuandika na kuhesabu, anafika darasa la tatu na kukutana na notisi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unatutaka tujenge umahiri, na umahiri wa kuandika haupatikani kwa kunakili, hata mwandiko uwe mzuri namna gani.

Sasa niwaeleze kazi moja niliyoishuhudia, maana humo mna karibu yote ninayotaka kusema.

Darasa la tano, shule iliyo karibu na ziwa. Mwalimu aliwauliza watoto: ni kitu gani nyumbani hubadilika bei mara kwa mara? Wakataja mkaa, nyanya, mafuta ya taa, dagaa. Wakachagua dagaa, kwa kuwa karibu kila nyumba inawala na baadhi ya wazazi wanawauza. Swali likawa: kwa nini sado moja, lile kopo la kupimia, ya dagaa haina bei moja mwezi mzima? Mwalimu hakuwa na jibu, na aliwaambia hivyo. Nilipenda sana jinsi madawati yalivyotulia baada ya kauli ile.

Kila kundi likapewa ukurasa uliochorwa safu nne: tarehe, mahali, bei ya sado, aliyesema. Safu ya mwisho ndiyo iliyonivutia. Mtoto hakuruhusiwa kuandika bei bila kuandika kaitoa wapi: mama, muuzaji wa gengeni, au yeye mwenyewe kaona ikilipwa. Hapo utafiti umeanza, na hakuna aliyehitaji kompyuta.

Baada ya muda wakabandika karatasi ya manila ukutani na kuchora bei zao. Zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Binti mmoja, ambaye baba yake ana mtumbwi, akasema bei inapanda mwezi ukiwa mkubwa. Wengi hapa mnajua sababu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Penye giza, dagaa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa haina nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi mingi hupumzika. Mzigo unapungua mwaloni, bei inapanda. Darasa likaongeza safu ya tano: umbo la mwezi usiku uliopita.

Mngedhani kazi imekwisha. Lakini kulikuwa na wiki moja ambayo bei ilipanda wakati mwezi ni mwembamba. Mwalimu mwenye haraka angesema hiyo ni bahati mbaya, tuiache. Huyu aliwarudisha kwa wauzaji na swali jipya, wakarudi na jibu: mvua. Dagaa hukaushwa juani. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, wanaharibika, wale waliooza kidogo wanaishia kwenye chakula cha kuku, na wale wakavu waliobaki wanauzwa ghali. Shule hiyo kwa bahati nzuri ilikuwa na kundi lingine lililopima mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na rula ya sentimita. Daftari la mvua likaletwa, tarehe zikalinganishwa, zikakubaliana.

Ndipo wakaandika. Mtoto mmoja aliandika hivi: "Mwanzoni tulidhani ni mwezi peke yake. Kumbe ni mwezi na mvua. Tulijua kwa sababu wiki ile mwezi ulikuwa mdogo lakini dagaa walikuwa ghali." Sentensi tatu. Itazameni ile "kumbe". Itazameni ile "kwa sababu". Maneno hayo tunayafundisha kwa mazoezi ya kujaza nafasi, na watoto wanayasahau. Hapa yalikuja yenyewe, kwa kuwa mtoto alikuwa na sababu halisi ya kueleza.

Kuhusu kuchagua swali. Swali la mtoto liwe la ukubwa wake. "Uchafuzi wa Ziwa Victoria" ni mada ya taasisi nzima. Ziwa lina karibu kilomita za mraba 68,800 na nchi tatu. "Ni taka za aina gani zinazokutwa kwenye mfereji wa shule yetu kila Jumatatu?" linafaa darasa la nne. "Wazee wa mtaa wetu wanakumbuka samaki gani ambao hawaonekani sana sasa?" linafaa darasa la sita, na litawapeleka moja kwa moja kwa furu, ningu na gogogo, na kwenye habari ya sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kuwamaliza furu wa aina nyingi. Hiyo ni historia, sayansi na Kiswahili ndani ya kazi moja.

Mahojiano yanahitaji kufundishwa kama somo. Wafanyeni watoto waigize darasani kwanza. "Shikamoo bibi. Sisi ni wanafunzi, tumetumwa na mwalimu tuulize habari za samaki wa zamani. Je, una nafasi?" Akisema hana, wanashukuru na kuondoka. Akisema anayo, wanauliza kama wanaweza kuandika jina lake au aandikwe "bibi mmoja wa mtaani". Kwa lugha pia msiwe wakali: bibi akijibu kwa Kisukuma au Kikerewe, mtoto aandike maneno yake kama yalivyo, kisha chini yake aeleze kwa Kiswahili. Tukimkataza, tunapoteza nusu ya alichosema bibi.

Jambo ninaloliona limesahaulika zaidi ni kuwafundisha watoto kwamba vyanzo vinaweza kupishana. Kwa darasa la sita, hapa Mwanza, mfano mzito ni meli ya MV Bukoba. Ilizama tarehe 21 Mei 1996, na wengi waliofariki wamezikwa Igoma. Mtoto akiuliza walikuwa wangapi, idadi inayotajwa mara nyingi ni 894, lakini atakutana na nyingine zilizo juu au chini ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha, wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Mtoto anayeelewa hilo ameelewa orodha ni ya nini, na kwamba takwimu hutoka mahali. Ila nawaomba sana: kabla ya kuanza kazi hii, jueni nani darasani ana familia iliyoguswa. Zungumzeni na wazazi. Kama kuna kidonda, chagueni mada nyingine.

Na usalama. Msiwapeleke watoto ufukweni bila watu wazima wa kutosha, na wasiingie majini hata kifundo cha mguu. Kichocho kiko katika mwambao wetu mzima. Konokono wanaobeba vimelea wako palepale penye majani ambapo mtoto angependa kuchunguza. Na mamba hawajahama. Uchunguzi mwingi mzuri hufanyika ukiwa umesimama pakavu.

Najua swali mlilonalo: nina watoto mia na zaidi, nitasahihisha saa ngapi? Msisahihishe kila kitu. Kila kundi la watoto sita litoe ripoti moja, na kila mtoto aandike aya moja yake ndani ya ripoti hiyo, jina lake chini. Rasimu ya kwanza soma ukitafuta kitu kimoja tu: je, amesema amejuaje? Usiguse tahajia. Rasimu ya pili, wasomeane wenyewe kwa sauti, msikilizaji ainue mkono pale asipoelewa. Ya tatu ndiyo ya nukta, herufi kubwa na tahajia. Tukianza na kalamu nyekundu kwenye tahajia, mtoto hujifunza kuandika maneno anayoyamudu tu, na mawazo yake yote makubwa anayaacha kichwani.

Ripoti ikikamilika isiishie kabatini. Wale wa dagaa waliisoma yao kwenye kikao cha wazazi. Mama mmoja muuzaji alisimama akawasahihisha: si kila mvua, ni ile ya asubuhi, kwa sababu dagaa ndio kwanza wameanikwa. Wakarudi darasani kuandika upya aya ya nne, bila kuambiwa na mtu.

Nimemaliza. Nimekuja na nakala za ule ukurasa wa safu tano, zipo mezani kwa mwenyekiti. Naomba maswali tuanze na walimu wa Ukerewe, wawahi meli ya mchana ya Nansio.