Kamani ya Gramafoni: Vifaa vya Kuibadilisha

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo tunaizungumzia kamani, ule utepe wa chuma unaozungusha gramafoni ya kutiwa ufunguo kwa mkono, hasa zile za mkobani kama HMV 102 ya Uingereza, iliyoanza kutoka mwaka 1931.

Wengi hudhani kamani iliyoishiwa ufunguo imelala. Hailali. Ndani ya kopo lake bado imebanwa. Ukiichomoa ghafla, utepe wa mita kadhaa unafyatuka na kukata kama panga. Ndiyo maana mezani hapa tunaanza na glavu nene za ngozi, miwani ya kinga na gunia.

Kwanza achia breki, sahani izunguke mpaka isimame yenyewe. Hata hapo usimguse gavana, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya sahani. Grisi ya zamani hukauka, mizunguko ya kamani ikashikana, nguvu ikajificha. Shika hendeli barabara, inua kizuizi kinachozuia mhimili wa ufunguo usirudi nyuma, kisha uuache urudi kidogo kidogo. Anayemtoa gavana kamani ikiwa na nguvu huikimbiza mashine ovyo, na meno ya magurudumu hunyolewa.

Toa kopo, fungua kifuniko, chora kamani imezunguka upande gani. Geuza mhimili kinyume ili kijino chake kitoke kwenye tundu. Kopo likiwa ndani ya gunia, vuta mzunguko wa ndani kwa koleo la midomo mirefu, kiganja kikizuia mingine, mmoja baada ya mwingine. Osha kwa mafuta ya taa.

Kabla ya kununua mpya, pima upana, unene, urefu na kipenyo cha ndani cha kopo. Unene upimwe kwa maikromita, wala si kwa rula. Upana ukiongezeka maradufu, nguvu nayo huongezeka maradufu. Unene ukiongezeka maradufu, nguvu hufika mara 8. Kutoka milimita 0.5 hadi 0.6 tu, nguvu hupanda kwa asilimia 73 hivi. Meno yanaumia, na utepe mnene ukilijaza kopo, mizunguko hupungua na santuri haifiki mwisho.

Ikiwa imekatika karibu na tundu la ndani, huokoka. Pasha ncha mpaka iwe nyekundu, ipoe taratibu, huku sehemu iliyobaki imebanwa kwenye jiliwa isipate moto. Toboa tundu jipya, ulainishe kingo kwa tupa. Kona kali ndiyo inayozaa ufa.

Kurudisha, ning'iniza tundu la nje kwenye ribiti ya kopo, ulishe kamani kutoka nje kuelekea kati. Ikibaki bapa, vizuri. Ikivutwa kando huchukua umbo la koni na kukwaruza kifuniko. Paka grisi ya grafaiti, utando mwembamba pande zote mbili. Ikizidi huvuja, ikiwa nzito, kamani hushtuka kwa kishindo na sauti huyumba.

Mwisho, pima mwendo. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zikienda kasi sauti yake hupanda, na huyo si Siti tena. Weka juu ya sahani karatasi ya duara yenye mistari 77, chini ya taa ya umeme wa hezi 50, rekebisha gavana mpaka mistari ionekane imesimama: hapo ni mizunguko 78 kwa dakika. Taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, kwa hiyo tumia taa ndogo ya neoni.