Kuua Kansa Kwenye Sahani Sio Ishu

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Kuua seli za kansa maabara ni rahisi mno, ukimwagia hata dawa ya kung'arishia nguo zinakufa zote. Kwahiyo ukisikia eti kitu fulani kimeua kansa maabara, uliza kwanza seli zenye afya za pembeni zilipona?

Sasa utamu ni kwamba mwili wenyewe unatengeneza silaha. Unachukua seli nyeupe za damu unazikuza kwenye chupa, joto nyuzi 37, zimelala kwenye kimaji cha pinki chenye sukari na virutubisho, unazichokoza kidogo, baada ya siku mbili tatu seli unazitoa unabaki na yale maji maana ndo yana vitu zilivyovitema. Mwaka 1968 ndo ikaripotiwa limfotoksini hivyo hivyo, yaani sumu ya kuua seli inayotemwa na seli nyeupe. Halafu 1975 kule New York, Carswell, Old na wenzao wakawachoma panya sindano ya bakteria wa BCG, wale wa chanjo ya kifua kikuu, kisha sumu ya bakteria wengine, wakachukua seramu ya panya hao, yaani majimaji ya damu bila seli, wakampa panya mwingine mwenye uvimbe, uvimbe ukaoza katikati! Kitu hicho kikaitwa TNF, kifupi cha Kiingereza cha "tumor necrosis factor", yaani kinachoozesha uvimbe.

Kukipima ni hivi. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, kila kimoja kina seli za panya zinaitwa L929, unaweka maji yako ukiyazimua nusu kwa nusu kishimo hadi kishimo, kesho yake unamwagia rangi ya zambarau na kusuuza. Seli hai zimeng'ang'ania chini zinashika rangi, zilizokufa zimebanduka zamani zimeenda na maji, so unaona mstari unaanza mweupe unaishia zambarau iliyokolea. Mara ya kwanza kuuona nilikaa naukodolea macho tu. Ila kuna kaujanja hapo, mara nyingi watu wanaongeza dawa nyingine inayozuia seli zisijitengenezee kinga, bila hiyo seli nyingi hata za kansa zinaiangalia tu TNF.

1984 jeni yake (maelekezo ya kuitengeneza yaliyo ndani ya seli) ikanaswa, bakteria wakafundishwa kuitengeneza kwa wingi, wagonjwa wakapewa. Balaa! Homa, kutetemeka, presha inaporomoka, dozi ya kuua uvimbe ikawa karibu imuue mgonjwa mwenyewe. Na 1985 waliokuwa wanatafuta kinachowakondesha wagonjwa wakakuta ni protini hiyohiyo.

Haikutupwa lakini. Kama uvimbe uko mguuni, madaktari wanautenga mzunguko wa damu wa mguu ule, wanapitisha TNF pamoja na dawa ya kansa iitwayo melfalani, wanausafisha kabla ya kuurudisha kwa mwili. Inabomoa mishipa inayolisha uvimbe, kitu ambacho kwenye sahani usingekiona kamwe kwasababu sahani haina mishipa. Ulaya waliipitisha 1999. Ila wagonjwa wengi leo wanaijua TNF kwa upande wa pili kabisa, wana baridi yabisi na wanachomwa sindano za kuizuia.